Pedali ya Kushoto

Somo: Nehemia 2:11–18



Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni wake mitaa yetu ya Ihumwa, baiskeli, sufuria iliyotoboka na kipande cha nondo kutoka kwenye jengo la jirani ni mali moja: kilo. Vyote hutundikwa kwenye mizani ileile. Simlaumu, ndiyo kazi yake, na mji unaokua mbio kama huu wetu unamhitaji. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, upande huu wa mashariki haujatulia. Mji wa Serikali uko hapo Mtumba. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inapita kwetu kwenye bandari kavu. Treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu Julai 2024. Kila unapogeuka kuna bati linalong'aa. Mahali pa namna hii, mwenye kitu cha zamani huanza kukionea haya hata kama bado kinamfaa.

Baiskeli ninayotaka kuisema leo ilikuwa juu ya mkokoteni huo, magurudumu juu. Ni zile za gia, vijana wanaziita mauntein, zinazoingia nchini kwenye makontena ya mitumba. Fundi wetu anayekaa chini ya mti kando ya barabara alimlipa mwenye mkokoteni bei ya chuma akaishusha. Kiti hakikuwepo. Shokapu za mbele zilikuwa zimeganda, rimu ya nyuma imepinda, cheni imekuwa donge moja la kutu. Jirani akamtania: "Fundi, hiyo sasa umenunua ya nini?"

"Sijajua bado," akasema. "Ngoja kwanza niitazame."

Nilikuwa kwenye benchi lake nasubiri tairi la pikipiki lizibwe, kwa hiyo niliona alivyoitazama. Hakugusa spana. Alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kufuta fremu pale mabomba yanapokutana, hasa chini ya shingo ya usukani, huku akipitisha ukucha polepole juu ya maungio. Alikuwa anatafuta ufa, ule ambao jicho haliuoni lakini ukucha unaunasa. Akiukuta hapo, aliniambia, baiskeli inarudi kwenye mkokoteni siku hiyohiyo, kwa sababu iko siku usukani utambakia mtu mkononi akiwa kwenye mteremko. Ufa haukuwepo. Kisha akatoa uzi wa kushonea. Akaufunga upande mmoja pale gurudumu la nyuma linapokaa, akauzungusha mbele kwenye shingo, akaurudisha nyuma kwa upande wa pili. Akachukua rula ya shule, akapima nafasi iliyo kati ya uzi na bomba la kiti, kulia, halafu kushoto. Nafasi zikilingana, fremu imenyooka. Zililingana. Uzi na rula ya mtoto wa darasa la nne vilijua jambo ambalo mizani haikuwa na njia ya kulijua.

Sasa fungueni Nehemia. Huyu ni mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani, ameomba ruhusa, amepewa barua na idhini ya miti ya kujengea, amefika Yerusalemu. Anakaa siku tatu. Halafu anaondoka usiku na watu wachache, mnyama mmoja tu wa kupanda, anazunguka kuta zilizobomoka. Anatokea lango la bondeni, anapita lango la jaa, anafika mahali ambapo kifusi ni kingi hata mnyama hana pa kupita. Maakida hawajui alikokwenda. Makuhani hajawaambia neno. Ni baada ya mzunguko huo ndipo anasimama na kusema, haya, tujenge. Na anapoanza, mpinzani wake Sanbalati anacheka na kuuliza kama kweli mawe yaliyoungua yatafufuliwa kutoka kwenye chungu za vumbi. Jirani wa fundi alikuwa na ndugu zake tangu zamani.

Ukuta ulikamilika kwa siku 52. Tunapenda sana kuhubiri siku 52. Usiku ule tunauruka.

Na hapa nina neno na kanisa langu, nikiwemo mimi mwenyewe ninayelichunga. Fundi aliniambia kwamba kuna njia ya haraka: unapulizia rangi juu ya kutu, unabandika stika, unavisha usukani mipira mipya ya kushikia, unauza. Inang'aa. Lakini kutu iliyofunikwa haijafa. Unyevu umefungiwa pamoja nayo, inaendelea na kazi yake chini kwa chini mpaka rangi inainuka yenyewe na kubanduka. Tukumbuke tunavyowapokea watu wanaorudi kundini. Mtu anasimama mbele ya madhabahu, anatamka maneno yaliyoandaliwa, tunampigia makofi, kina mama wanapiga vigelegele, na Jumapili inayofuata ameshavaa sare ya kwaya. Nani ameuliza anadaiwa na nani? Nani anajua kama yeye na mkewe wanaongea wakiwa nyumbani, au kama njia ya kutoka kazini kwake bado inapita kwenye kilabu kilekile? Akianguka mwezi wa tatu tunasema hakuwa ameokoka kweli. Tunamrudisha kwenye mkokoteni, na safari hii tunaona tuna ushahidi.

Kupaka rangi na kupima kwa kilo ni ndugu wa tumbo moja. Katika yote mawili hakuna aliyepitisha ukucha.

Ilipofika zamu ya kufungua, fundi alimpa kazi kijana anayejifunza kwake. Pedali ya kulia ilitoka baada ya kulowekwa kwa mafuta ya taa na oili. Ya kushoto ikakataa. Kijana akaongeza nguvu, akasimama juu ya spana kwa mguu, jasho likamtoka. Fundi akamtazama kidogo, akasema, "Mwanangu, hiyo unaifunga." Ndivyo zilivyo baiskeli zote, kuanzia Phoenix ya babu mpaka hizi za gia: nati na boliti nyingi hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na mwendo wa saa, lakini pedali ya kushoto imekatwa hesi yake kinyume, ili isijifungue yenyewe mtu anapokanyaga. Hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Anayetumia nguvu kwa upande aliouzoea anazidi kuikaza, na akiendelea atavunja hesi, kisha atasema chuma kilikuwa kibovu.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Katika kila familia yupo mtu mmoja ambaye maonyo yanamkaza. Baba amesema, mjomba amesema, mchungaji ameitwa naye akasema, wote kwa mzunguko mmoja, na kila aliyesema alisema kwa sauti kubwa kuliko aliyemtangulia. Huyo huenda anahitaji kuulizwa swali na kusikilizwa jibu lake mpaka mwisho. Huenda anahitaji kupewa kazi kabla hajapewa mawaidha. Siwezi kuwaambia ni nini, kwa sababu mtu si pedali, hakuna kitabu kinachoonyesha hesi yake imekatwa upande gani. Ninachojua ni kwamba Bwana wetu hakumfungua Zakayo kwa namna alivyomfungua Petro. Zakayo aliambiwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, na hesabu za fedha akazitoa mwenyewe bila kuulizwa. Petro aliulizwa swali moja mara tatu, mpaka akahuzunika.

Niseme kidogo na vijana, ambao hudhani mauntein ilibuniwa na wataalamu wenye makoti meupe. Ilitoka kwenye vitu vya kutupwa. Miaka ya 1970, huko Marin, California, kaskazini mwa San Francisco, akina Joe Breeze, Gary Fisher, Charlie Kelly na wenzao walikuwa wakisaka baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye matairi mapana, ambazo hakuna aliyezitaka tena. Wakazirekebisha, wakateremka nazo njia za vumbi za Mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza kwenye mteremko walioupa jina Repack. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na ilifanya kazi ngumu kiasi kwamba grisi yote iliungua ikatoka moshi. Aliyefika chini alilazimika kufungua na kupakia grisi mpya ndipo ateremke tena; jina la mteremko lilitoka hapo. Mwaka uliofuata Breeze akatengeneza fremu mpya kwa ajili ya mlima, na viwanda vikafuata baadaye. Kuhusu ile grisi, niseme tu kwamba wapo watumishi humu humu kanisani ambao yao ilikwisha siku nyingi, nasi tunawasifu kwa sababu ya moshi.

Tukirudi kwa fundi: baiskeli yake haikuwa tena kama ilivyotoka kiwandani. Gia aliziondoa zote, kwa kuwa kifaa cha kuhamisha cheni kilikuwa kimevunjika na vipuri vyake ni ghali. Akaweka friwili ya gia moja tu, cheni mpya akaipunguza urefu. Nilimuuliza kwa nini asiibakize friwili ya zamani. Akanionyesha meno yake yalivyoliwa, akasema cheni mpya juu ya meno hayo huruka kila ukikanyaga kwa nguvu, na watu watalaumu cheni. Zile shokapu zilizoganda akaziacha, akafunga uma wa chuma usiocheza. Nyuma akachomelea keria ya nondo inayobeba madumu mawili ya maji ya lita 20. Ndani ya matairi akatandika vipande vya tairi kuukuu kwa ajili ya mbigili, maana mnaijua mbigili ya huku kwetu: tunda lake hata lianguke vipi, mwiba mmoja hutazama juu.

Mjapani au Mjerumani aliyeipanda zamani akiiona leo hataitambua. Pengine ataihurumia. Katika Ezra sura ya 3, msingi wa hekalu la pili ulipowekwa, wazee waliokuwa wameliona lile la kwanza walilia kwa sauti kuu, wengine wakapiga kelele za furaha, na watu hawakuweza kutofautisha sauti ya kilio na ya shangwe. Sioni mahali ambapo wale wazee wanakemewa. Mama anayemngoja mwanawe anamngoja yule aliyeondoka, kabla ya machimbo, kabla ya pombe, kabla ya kifungo. Anayerudi ni mwingine. Ana mkono unaotetemeka, ana mtoto ambaye hatukumjua, hawezi tena kazi aliyosomea, lakini anaweza kubeba maji. Mruhusuni mama alie. Nanyi msimlazimishe kijana awe yule wa kwenye picha iliyotundikwa sebuleni.

Tangazo moja, na wazee wa kanisa walisikie vizuri. Kikao cha kuwajadili walioomba kurudi kundini nimekiahirisha. Kabla hatujakaa, kila mzee atamtembelea mmoja wao nyumbani kwake, jioni, peke yake, bila karatasi wala fomu. Asimwambie mtu mwingine amekwenda kwa nani. Asihubiri huko. Akipewa uji anywe. Akikuta paa linavuja au watoto hawajaenda shule, hilo ndilo atakaloniletea kwanza, kabla ya habari ya dhambi. Wale ambao watu wao wanakaa ng'ambo ya reli na hawana usafiri, fundi amekubali kuwaazima ile baiskeli. Pampu imefungwa kwenye keria. Breki ya mbele inashika kwa nguvu kuliko ya nyuma, kwa hiyo muanze na ya nyuma.