Shukrani Isiyoweza Kujibiwa

Asasi inayolinda vyanzo vya maji inasherehekea nini hasa? Aliyejenga shule ana jengo la kuonyesha. Aliyechimba kisima ana bomba, na mtoto anayekinga ndoo. Lakini aliyelinda chanzo anatuonyesha mambo ambayo hayakutokea: mti haukukatwa, shamba halikulimwa, mto haukukauka. Ukipiga picha ya mto ambao haukukauka, unapata picha ya mto tu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani hawakuwa wanafikiria chemchemi. Chemchemi iliyotunzwa vizuri haijiuzi kabisa. Inatiririka tu, na sisi wa huku chini tunaoga.

Swali hili limenikaa kichwani tangu asasi moja ndogo, inayofanya kazi kwenye Milima ya Uluguru, iliponiomba niwe mshereheshaji wa maadhimisho yake ya miaka 10. Yatafanyika mtandaoni, kwa Zoom, dakika 90. Hapo sina ugomvi. Wafadhili wako Ulaya, wajumbe wa bodi wametawanyika Dar es Salaam na Dodoma, na fedha ya kukodi ukumbi, maturubai na wali kuku ni miche mingi sana. Kwa asasi ya namna hii kubana matumizi ni sehemu ya heshima yake.

Kilichonisumbua ni rasimu ya ratiba. Ukaribisho, mwenyekiti wa bodi, mkurugenzi, wafadhili wawili, mtaalamu wa mazingira, burudani, halafu keki ambayo kila mtu ataikata kwake. Siku yenyewe ni Jumanne, saa 5 asubuhi. Wakulima wa mlimani wamepewa video ya dakika 3, iliyokwisharekodiwa, yenye muziki kwa chini na maandishi ya Kiingereza. Humo wanashika miche, wanatabasamu, wanasema asante.

Nikauliza: hivi, mbona wao ndio wanaosema asante?

Tuufuate mto wenyewe. Ruvu unaanzia Uluguru na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Njiani mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inachota maji yanayotumiwa na sehemu kubwa ya Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, maji ya Ruvu yalipopungua, jiji likaingia kwenye mgawo. Aliyekuwa Dar siku zile anakumbuka madumu na bei ya maboza. Kwa hiyo anayetunza kijito kule juu anatunza bomba la mtu ambaye hatamwona maishani.

Anakitunza kwa gharama gani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Piga hesabu. Mwenye shamba linalopakana na kijito kwa mita 100 anaacha mita za mraba 6,000, yaani kama ekari moja na nusu. Kwa mtu wa mjini hicho ni kiwanja kikubwa cha kujengea nyumba. Kwa mtu wa mlimani, ambako sehemu ya bondeni kando ya maji ndiyo yenye rutuba na unyevu, inaweza kuwa ndiyo mboga za kiangazi na ada ya mtoto. Kama kuna wa kushukuriwa katika miaka hii 10, ni huyu. Ametoa kitu. Sisi tumefungua bomba.

Na mlima huu una kumbukumbu zake. Enzi za Mwingereza, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilionekana jema, hata lingeweza kuandikiwa hotuba nzuri. Lakini ilikuwa kazi ngumu waliyopangiwa na watu wengine, na mwaka 1955 zikazuka ghasia Matombo, mpango ukaachwa. Sisemi asasi hii inafanana na ukoloni; inawabembeleza watu, inawapa miche, inakaa nao kwenye vikao. Nasema tu kwamba juu ya mlima huu kuna historia ndefu ya watu kuambiwa kinachowafaa, na video ya dakika 3 haiwapi nafasi ya kujibu.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya shukrani na tangazo. Tangazo linahitaji uso wa mtu. Shukrani inamhitaji mtu mwenyewe, kwa sababu anayeshukuriwa ana haki ya kusema “karibu tena”, na pia ana haki ya kusema “bado hamjanitendea haki”. Mila zetu zinalijua hili. Ukipeleka shukrani kwa mzee, unakwenda, unakaa, unasubiri aseme neno. Anaweza kuipokea, anaweza kukurudisha. Ukimtumia mtu shukrani ambayo hawezi kuijibu, umejishukuru mwenyewe.

Mkurugenzi hakukasirika. Alinijibu kwa utulivu: “Ndugu yangu, wafadhili wasipoona mafanikio, mwakani hakuna miche. Hao wakulima unaowatetea watapata hasara zaidi yako wewe.” Hoja nzito hiyo, na siwezi kuipuuza. Kujitangaza si dhambi. Asasi isiyojulikana hufa, na ikifa, kitalu nacho hufa.

Tena tusiusingizie mtandao. Sherehe hii ingefanyika hotelini Dar, mkulima angekuwa ama hayupo, ama ameletwa kwa basi, akavalishwa fulana na kupangwa mstari wa nyuma kwenye picha. Mtandao unaweza kufanya vizuri zaidi. Simu moja, bando na spika kwenye ofisi ya kijiji vinatosha watu 40 kusikia na kusikika. Muda ukisogezwa hadi saa 11 jioni, watu watakuwa wametoka shambani, na Ulaya bado ni mchana. Lugha iwe Kiswahili. Mfadhili ndiye asubiri mkalimani. Na wao waanze kusema, kabla ya mwenyekiti.

Muda na lugha vilipita bila shida. Kilichokwama ni hilo la kusema moja kwa moja. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kile ambacho wengi walikuwa wanakizunguka: “Na wakilalamika hewani, mbele ya wafadhili?”

Ni hofu ya kweli, siicheki. Lakini ina jibu ndani yake. Tunaogopa malalamiko kwa sababu tunajua yapo. Kwa maoni yangu mfadhili mwenye akili atamwamini zaidi mkurugenzi aliyeulizwa swali gumu na mkulima akalijibu, kuliko yule aliyezungukwa na tabasamu za kurekodi. Naweza kuwa nimekosea kuhusu mfadhili. Kuhusu mkulima sina wasiwasi: hawezi kuwa mgeni wa heshima kwenye shughuli ambayo tumehakikisha hasemi.

Kikao kijacho ni wiki ijayo. Nimependekeza waache kujadili nani azime maikrofoni, wajadili swali ambalo nina hakika litakuja kutoka ile ofisi ya kijiji: “Hizo mita 60 nilizoacha, miaka 10 sasa, nani ananifidia?” Mkurugenzi aje na jibu. Kama hana, aseme hana, mbele ya wote, kabla ya keki.