TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: KUTU CHINI YA RANGI



Ndugu zangu wa msikiti wetu hapa Mohoro, na nyinyi mlio mbali. Wengi mmepita nyumbani baada ya Alasiri mkaniona nimejifunga kitambaa puani, nakwangua rangi ya pikapu ya marehemu baba. Kuna aliyeniuliza kama vumbi lile halifunguzi. Nimjibu kwanza: vumbi linalokuingia bila kukusudia, kama la njiani au la unga unaochekechwa, halibatilishi saumu kwa madhehebu yetu ya Shafi. Ila ukiweza kujikinga, jikinge. Mimi natumia msasa wa maji ili lisiruke, na watoto nawafukuza, maana rangi nyingine za zamani zina risasi.

Sasa nilichokikuta.

Gari ile ililala kwenye maji siku kadhaa, mafuriko ya Aprili 2024. Baadaye ikapakwa rangi, ikang'aa. Sisi ndugu tumekubaliana iuzwe, tugawane urithi kabla ya Idi. Mnunuzi wa Ikwiriri ameiona kwa picha, akasema bei sawa. Nilitaka tu kutengeneza mlango uliobabuka. Nikakwangua bluu, chini yake nyeupe, chini ya nyeupe pati nene kama kidole. Kuigonga kwa bisibisi, ikadondoka yote. Nyuma yake bati hakuna. Kutu imelila, tundu linapitisha ngumi.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, jaza pati nyingine, paka rangi, nani atajua?" Niseme ukweli, nilinyamaza. Sikumkatalia siku ile. Nimefunga, nimetoka kuwasalisha Alasiri muda si mrefu, na moyoni napiga hesabu ya bei ya kopo la pati!

Kilichonizuia ni Suratul Mutaffifin. Aya ya 14 inataja nyoyo zilizofunikwa na yale waliyokuwa wakiyachuma wenyewe, na wafasiri wamelieleza neno lile kuwa ni kutu. Sisi walimu tunaipenda aya hii kwenye mawaidha ya toba, lakini tunaikata peke yake. Tazama sura inavyoanza: inaanza na wanaopunja vipimo. Mizani ya sokoni imetajwa kwanza, kutu ya moyo ikafuata.

Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la chakula, chini akakuta kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi kilicholowa hakukiweka juu watu wakione.

Hebu fikirini hapo. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Mafuriko nayo hayakuwa kosa letu, kila mtu wa Rufiji anajua yalivyotukuta. Kosa linaanza pale unapoweka kikavu juu.

Na Ramadhani hii tunapaka rangi nyingi, ndugu zangu. Istighfari mia, tarawehe safu ya mbele, na shamba la mayatima bado tumelikalia. Istighfari ni jambo kubwa, siidharau. Lakini Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ameeleza kuwa toba ina masharti matatu: kuiacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa ni haki ya mtu, linaongezeka la nne: umrudishie haki yake au akusamehe. Hilo la nne ndilo bati lenyewe, na ndilo tunalolikimbia.

Jana usiku nilimtumia mnunuzi picha ya tundu. Nimewaambia na ndugu zangu kwamba huenda mgao ukapungua. Mmoja amekasirika, hajapokea simu yangu mpaka sasa. Muombeeni, na mimi mniombee. Mnunuzi amejibu asubuhi, anakuja Jumamosi na fundi wake. Bei tutaongea upya. Mlango nimeuacha vilevile, tundu wazi.