Miaka 15 ya Hezekia

Somo: 2 Wafalme 20:1–21, 21:1

Hezekia alipougua, Isaya alimjia na agizo: aiweke nyumba yake sawa, kwani hatapona. Mfalme akageukia ukutani, akaomba, akalia sana. Nabii hajavuka hata ua wa kati, Mungu akamrudisha na habari nyingine: mgonjwa ameongezewa miaka 15. Mahubiri mengi huishia hapo, kwenye mkate wa tini na jipu lililopona. Mimi hubaki kwenye lile agizo. Kifo kiliahirishwa, lakini sioni mahali popote ambapo agizo la nyumba lilifutwa.

Miaka ile aliitumiaje? Maandiko yanatuonyesha wajumbe wa Babeli, naye akiwafungulia hazina yote: fedha, dhahabu, manukato, silaha. Alipoambiwa kwamba vyote vitachukuliwa, na baadhi ya wanawe pia, aliridhika kuwa walau siku zake yeye zitakuwa za amani. Kisha fungua sura inayofuata: Manase mwanawe alianza kutawala akiwa na miaka 12. Piga hesabu. Mtoto huyo alizaliwa ndani ya nyongeza! Huenda wageni waliijua hazina kuliko mrithi mwenyewe.

Sisi wa Pemba tunaujua ugonjwa huu. Msimu wa karafuu, mtaa mzima unajua mzee kapeleka magunia mangapi kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ila wanawe hawajui mikarafuu ya bondeni ni ya nani. Na kwetu swali hilo si jepesi, maana ardhi yaweza kuwa ya mmoja na miti ya mwingine. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 nazo zina masharti yake. Mkarafuu wenyewe huchukua miaka kuanza kuzaa, halafu huzaa kwa miongo. Anayeupanda uzeeni ampandia mwingine. Basi huyo mwingine na atajwe.

Majirani zetu Waislamu wana mafungu yaliyokwisha kupangwa, mke kwa sehemu yake na binti kwa yake, na wasia hauvuki theluthi. Agano Jipya halikutupa jedwali la namna hiyo. Yesu alipoombwa aamue urithi wa ndugu wawili, Luka 12, alikataa. Wako wanaolichukua jibu lile kama ruhusa ya kunyamaza. Alikataa ukadhi, hakumkataza baba kusema kabla hajafa.

Na koo zetu zimechanganyika. Kwa fiqhi, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, kwa hiyo Mkristo aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu hutegemea alichopewa na mzazi akiwa hai, au alichoandikiwa ndani ya theluthi. Mazungumzo hayo ni magumu, lakini yanawezekana sebuleni. Kwenye msiba hayawezekani.

Mwaka 1897, utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba, Marafiki (Quakers) kutoka Uingereza walianzisha misheni Banani, karibu na Chake Chake. Watumwa walioachiwa huru walipata pa kuanzia hapo. Kwa sheria waliyozaliwa nayo, alichokuwa nacho mtumwa kilikuwa cha bwana wake. Akifa, hakuwa na cha kumwachia mwanawe, hata jembe. Nikikumbuka hao waliotutangulia katika imani, nashindwa kuuita wasia jambo la matajiri.

Kazi yenyewe si kubwa. Mwalimu au askari aliyetoka bara, mwenye nyumba Morogoro na kiwanja Wete, aanze kwa kumwona wakili, kwa sababu sheria za mirathi za bara na za Zanzibar si kitabu kimoja. Andika mali, andika na madeni, hata la duka la Konde. Taja msimamizi wa mirathi. Tia saini na tarehe mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote. Kaangalie jina uliloliandika kwenye fomu ya mafao ulipoajiriwa. Wengine waliandika jina la kaka kabla hawajaoa, wakasahau. Halafu mwambie mkeo karatasi ya wasia iko sanduku gani.