Aliyetoka Gerezani na Mlango wa Kazi

Kila mgeni afikaye Lubumbashi huonyeshwa vitu viwili: bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na kando yake kilima kikubwa cheusi. Kilima hicho hakikuumbwa pamoja na vilima vingine vya nchi. Kilifanywa na watu. Tangu mwaka 1911, tanuru la kwanza lilipoyeyusha shaba mahali hapo, mawe yalitiwa motoni, shaba ikachukuliwa, na taka zake zikamwagwa kando, mwaka baada ya mwaka, hata zikawa mlima. Watu waliupita kila siku wakisema: Hizo ni taka tu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianza kiwanda cha kuyeyusha tena zile taka, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kobalti, madini ya thamani kubwa. Mali ilikuwamo siku zote. Ilikosa mtu wa kuirudisha motoni.

Ikiwa taka za shaba zina mali ndani yake, je, mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, akikosa mara moja na kufungwa, atatupwa kando milele?

MFANO

Na tumfikirie kijana mmoja wa mtaa wa Katuba. Baba yake amekwisha kufa. Mama yake huuza unga sokoni. Rafiki wawili wakamwambia: "Twende usiku tukakate waya za umeme. Shaba yake hununuliwa upesi." Akaenda nao. Wenzake wakakimbia, yeye akakamatwa, akahukumiwa, akatiwa katika gereza la Kasapa, akakaa humo miezi minane. Humo gerezani alianza kusikiliza mafundisho ya dini. Akajuta, akaomba kuandikwa miongoni mwa wakatekumene.

Siku ya kutoka alifikiri: Adhabu yangu imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaisha. Kila mlango wa kazi aliopiga hodi, aliombwa karatasi. Moja ni ya mwenendo mwema, ambayo mtu huiomba komini. Nyingine huonyesha kama mtu alipata kuhukumiwa. Watu wa mjini huiita casier judiciaire. Aliposema ukweli waliandika jina lake na kumwambia, "Tutakuita." Hawakumwita.

Ndipo mtu mmoja akamjia jioni, akamwambia kwa sauti ya chini: "Nipe fedha, nitakuletea karatasi safi isiyo na doa." Fedha zilizotakiwa zilikuwa sawa na mtaji wote wa mama yake wa kununulia unga. Mama, kwa kumhurumia mwanawe, akazitoa chini ya mkeka, akampa.

Kijana alizishika mkononi, lakini moyo wake haukutulia. Kabla ya kwenda kwa yule mtu, akapita kwa mzee wa jumuiya yao, akamweleza yote. Mzee akamjibu: "Mwanangu, ukinunua karatasi hiyo, utaingia kazini kwa wizi wa pili. Tena kila siku mlango ukigongwa, utatetemeka. Mrudishie mama fedha zake. Kesho tutakwenda pamoja."

Asubuhi wakaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Mzee akasema: "Ndugu, kijana huyu aliiba, akafungwa, akatoka. Hatukuja kukuficha neno. Anaomba kazi. Akipoteza kitu cha nyumba hii, unidai mimi." Fundi akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Ataanza kwa kufagia. Ufunguo wa ghala sitampa." Kijana akajibu: "Ndiyo, Baba. Inatosha."

Mwezi wa tatu mzingo mmoja wa waya ukakosekana ghalani. Macho yote yakamgeukia mwenye ufagio. Wengine wakasema, "Mbona tulijua!" Kijana akatamani kukimbia. Lakini alikumbuka kwamba akikimbia, yule mzee ndiye atakayelipa, na neno lake litakuwa bure. Akabaki, akaendelea kufagia. Siku ya pili mzingo ukaonekana: mwenye karakana mwenyewe alikuwa amemwazima fundi jirani, akasahau. Akamwita kijana mbele ya wote, akamwambia: "Nilikuhukumu moyoni mwangu. Unisamehe." Tangu siku ile akaanza kumfundisha kuchomelea. Naye kijana, kila mwisho wa mwezi, alitenga sehemu ya mshahara wake kumlipa mwenye zile waya alizoziiba.

BARUA YA MTUME PAULO

Jambo hili si geni katika Kanisa. Kati ya barua zote za Mtume Paulo, iliyo fupi kuliko zote ni ile aliyomwandikia Filemoni, nayo yahusu shida ya namna hii. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni. Alimtoroka bwana wake, na walimu wengi wa dini hudhani kwamba alimwibia pia. Akakutana na Paulo, ambaye wakati huo alikuwa mfungwa kwa ajili ya Injili, naye akamfanya kuwa Mkristu.

Je, Paulo alifanya nini baadaye? Hakumwambia Onesimo ajifiche. Wala hakumwandikia Filemoni kwamba Onesimo hakukosa neno. Alimrudisha kwa bwana wake akiwa na barua mkononi. Katika barua hiyo aliomba mambo mawili: kwanza, Onesimo apokewe kama ndugu mpendwa, pili, kama ana deni lolote, lihesabiwe juu ya Paulo, naye atalilipa. Ahadi hiyo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Jina Onesimo maana yake ni "mwenye kufaa", na Mtume alilitumia neno hilo: yule ambaye zamani hakufaa kitu, sasa awafaa wote wawili.

Mfungwa ndiye aliyemdhamini mkosaji! Na ndivyo Bwana wetu Yezu Kristu alivyotutendea sisi sote. Alihesabiwa pamoja na waovu, akasulibiwa kati ya wanyang'anyi wawili, akalichukua deni letu juu yake.

MAFUNDISHO

Kwanza, kwa yeye aliyekosa. Ubatizo waondoa dhambi zote. Lakini Ubatizo haufuti deni la mali ya mtu, wala haubadilishi kitabu cha hakimu. Aliyeiba hana budi kurudisha, kidogo kidogo kama hana uwezo. Zakayo alipompokea Yezu nyumbani mwake hakusema tu kwamba amefurahi. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Tena, mkosaji halazimiki kutangaza kosa lake sokoni, wala kumwambia kila mpita njia. Ila akiulizwa na mwenye haki ya kujua, kama yule amwajiriye, asiseme uwongo, wala asinunue karatasi ya uwongo. Amri ya saba haiponywi kwa kuivunja amri ya nane.

Pili, kwa mwenye kazi. Hakatazwi kuwa na busara. Fundi wa mfano wetu hakutoa ufunguo siku ya kwanza, wala hakutenda dhambi. Anayekatazwa ni yule afungaye mlango kabla ya kusikia. Sheria ya adhabu ya Kongo ya mwaka 1940 yasema kwamba wizi usio wa nguvu wala vitisho waweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hata miaka 5. Lakini hakimu, akisha kukata hukumu, huitaja idadi ya miezi au ya miaka, nayo ina mwisho. Hakimu huhesabu siku. Mbona sisi hatuhesabu? Ni haki gani hiyo, mtu amalize kifungo cha serikali, kisha aanze kifungo cha majirani ambacho hakina siku ya kutoka?

Tatu, kwa majirani, wa mjini na wa kijijini. Kusema kosa la uwongo juu ya mtu ni masingizio. Kulifunua kosa lake la kweli pasipo sababu ya haki ni masengenyo, nayo pia ni dhambi. Wengi husema, "Mimi sikusema uwongo, alifungwa kweli!" Hilo si jibu. Kijana arudipo kijijini kutoka Kasapa, na akina mama kisimani wakamwita mwizi mbele ya watoto, wanamfungia mlango ambao serikali imemfungulia. Kisha akirudia wizi, wanashangaa!

Tarehe 26 Desemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alifungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei ndani ya gereza la Rebibbia, Roma. Mlango ule ulifunguliwa kwa ajili ya wale walio ndani. Lakini yafaa mlango mwingine ufunguliwe upande wa nje: mlango wa karakana, wa shamba, wa duka, wa jumuiya. Bila huo, mfungwa atoka gereza moja na kuingia jingine.

Wahenga walisema: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo likivunjika, mhunzi hulirudisha motoni, akaliunga, akaendelea na kazi.

MAULIZO KWA WAKATEKUMENE

Ulizo: Mwizi akibatizwa, je, deni lake la mali limekwisha?
Jibu: Dhambi yake imeondolewa, lakini mali ya watu airudishe kadiri awezavyo.

Ulizo: Je, yampasa mtu kuwaambia wote kwamba alifungwa?
Jibu: Hapana. Lakini akiulizwa na mwenye haki ya kujua, asiseme uwongo.

Ulizo: Kumsamehe aliyetoka gerezani ni kusema tu, "Nimekusamehe"?
Jibu: Hapana. Ni kumpa nafasi ya kuishi kwa kazi ya mikono yake.

Ulizo: Asiye na kazi ya kumpa afanye nini?
Jibu: Afanye kama Mtume Paulo: amsindikize, amwombee nafasi, amdhamini.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mkatekumene amkumbuke mtu mmoja wa kijiji chake aliyewahi kufungwa. Amwendee, amsalimu kwa jina lake. Akiwa na jembe la pili, amwite walime pamoja.

SALA

Ee Yezu, uliyehesabiwa pamoja na waovu kwa ajili yetu, uwafungulie mlango wa kazi wale waliotoka kifungoni, nasi utuondolee ugumu wa moyo tunaposhika ufunguo wa mlango huo. Amina.