Je, Msaada Wenye Faida ni Msaada wa Kweli?



Kuna watu wanaofuga samaki wa bahari nyumbani, ndani ya sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, taa na pampu. Wengi wetu tuliozaliwa kando ya mito na maziwa hatujaona kitu hicho. Lakini viumbe vyake vinatupa fundisho.

Yupo kamba mwenye macho dhaifu, fundi wa kuchimba shimo mchangani. Ndani ya shimo hilo hukaa naye samaki mdogo mwenye macho makali. Kamba anapotoka kusukuma mchanga, humgusa samaki kwa kipapasio chake. Hatari ikija, samaki hutikisa mkia, na wote wawili hujificha. Mmoja anatoa nyumba, mwingine anatoa macho. Mtu atasema: huo si upendo, ni biashara. Mimi nasema: kupata faida si dhambi. Kosa liko pengine.

Tumtazame samaki msafishaji. Yeye hula wadudu walioshika ngozi za samaki wengine. Lakini hupenda zaidi ule ute wa ngozi, na mara nyingine humwuma mteja ili aupate. Wataalamu Redouan Bshary na Alexandra Grutter walionyesha mwaka 2006 kwamba anapotazamwa na mteja mwingine hujizuia zaidi. Tena, mwaka 2001 Bshary alikwisha kuonyesha kwamba mteja anayeweza kwenda kwa msafishaji mwingine huhudumiwa kwanza. Mkaaji wa pale pale, asiye na njia, hungoja.

Sasa mtieni msafishaji huyo ndani ya kioo. Wateja ni wachache, wadudu huisha, njaa inaingia. Aweza kuwasumbua wenzake kwa kuwauma, nao hawana pa kukimbilia. Au yeye mwenyewe hukonda na kufa. Samaki hana hatia. Aliyewafungia pamoja ndiye mwenye deni: akiwaondolea njia ya kutoka, imempasa kuwalisha na kuwalinda.

Wapenzi, sisi si samaki. Muuza dawa aliye peke yake kijijini, mwenye mtumbwi wa pekee kivukoni, mjomba anayelea yatima: wote wanasaidia, na wote wanaweza kuuma kwa siri. Basi msaada haupimwi kwa kuuliza kama msaidizi amepata kitu. Apate, maana naye ana tumbo. Unapimwa kwa namna anavyomtendea yule asiyeweza kuondoka, wakati hakuna anayetazama.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani anayenitegemea na hana pengine pa kwenda? Na mimi ninamfanyia nini?