Mchagua Jembe

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Niliitumia sana methali hii nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, hasa kwa wanachuo waliorudi kutoka mazoezi ya kufundisha wakilalamikia ubao mbovu na uhaba wa chaki. Maana yake i wazi: mwenye nia ya kulima hulima kwa jembe lililopo, na anayechagua mno anatafuta kisingizio. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo napenda tulitafakari pamoja. Je, hakuna jembe ambalo, hata likiwa mikononi mwangu, hulima shamba la mtu mwingine? Na kama lipo, si wajibu wa mkulima kuchagua kwanza?

Swali hili limenijia kwa njia ya muziki wa kompyuta. Siku hizi kijana mmoja chumbani mwake aweza kurekodi, kuchanganya na kupamba sauti, kazi iliyohitaji zamani studio nzima. Hutumia programu kubwa ya kurekodia, na ndani yake huchomeka vijiprogramu viitwavyo plagini, kila kimoja na kazi yake. Nyingi huja zimekamilika; wewe ni kubonyeza tu. Lakini zipo nyingine ambazo huja karibu tupu, zikimngoja mtumiaji aziandikie maagizo yake mwenyewe, yaani skripti. Mjukuu wangu, ambaye hushughulika na mambo haya, aliniuliza, "Babu, ungekuwa wewe ungechagua ipi?" Kompyuta siijui sana. Muziki naujua kidogo, kwa kuwa nilifundisha kuimba kwa miaka mingi nikiwa na uma wa sauti mfukoni.

Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa hii. Alikuwa amerekodi ilimba ikipigwa na mzee mmoja wa Kigogo, pamoja na sauti za waimbaji. Plagini iliyokamilika, ambayo kazi yake ni kunyoosha sauti zilizopinda, ilizinyoosha sauti za waimbaji wale barabara. Matokeo yalikuwa safi, na yalikuwa si Kigogo tena.

Sababu yake inaeleweka, na haina uchawi. Watafiti wa muziki, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo hufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi. Chukua msingi wenye mitetemo 100 kwa sekunde. Juu yake hupanda sauti za mitetemo 400, 500, 600, 700, 800 na kuendelea. Piano ya kisasa haifuati njia hiyo. Yenyewe hugawa oktava katika vipande 12 vilivyo sawa, na ukianzia kwenye 400, kipande kilicho karibu zaidi na 700 huangukia takriban 713. Tofauti hiyo ni kama theluthi moja ya nusu-toni. Sikio la mtu wa Dodoma huisikia mara moja. Kwa mashine iliyoundwa kwa kipimo cha piano, 700 ni 713 iliyokosewa, basi huipandisha.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili ni la maadili, wala si la ufundi peke yake. Sisi walimu tunajua kwamba hakuna kusahihisha pasipo mwongozo wa kusahihishia. Mwenye kalamu nyekundu ana majibu yake pembeni, na mwanafunzi aliyepigwa mkasi ana haki ya kuuliza: nimekosa kwa kipimo kipi? Mwalimu asiyetaka kuulizwa hivyo hafai, hata kama majibu yake ni sahihi. Sasa mashine inayonyoosha sauti inasahihisha pia. Ina mwongozo wake, nao umefichwa ndani ya sanduku lililofungwa. Haikuambii kwamba imemwona mzee wa watu kuwa mkosaji. Inakukabidhi tu kazi iliyokwisha kusahihishwa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kijana anayeisikia kila siku atajifunza kuyaona makosa hayo hayo. Baada ya miaka michache hataihitaji mashine imwambie kwamba babu zake hawajui kuimba. Atakuwa amekwisha kuamini.

Basi plagini ya kuandikiwa maagizo ina fadhila gani? Fadhila yake ni kwamba mwongozo unauandika wewe. Sauti ile ya saba, inayotusumbua, huandikwa kwa mstari mmoja: chukua sauti iliyo chini, zidisha kwa saba, gawanya kwa nne. Mtoto wa darasa la saba aweza kuuelewa. Na asiyekubaliana nawe aweza kuufungua, akausoma, akasema, "Hapa umekosea, sisi kwetu hatuimbi hivyo." Kwangu mimi, kusomeka huko ndiko kunakostahili kuitwa uhuru.

Vyombo vya namna hii si vigeni. Csound iliandikwa na Barry Vercoe katika chuo cha MIT, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, na tungo za miaka ile, kwa kuwa ni maandishi matupu, bado zasomeka. Leo kuna Cabbage, inayoigeuza Csound kuwa plagini. Pure Data ya Miller Puckette, ya mwaka 1996, haiandikwi bali huchorwa kwa visanduku vilivyounganishwa kwa nyuzi, nayo ni ya bure. Programu ya kurekodia iitwayo REAPER ina vijiprogramu vyake vya JSFX, ambavyo mtumiaji aweza kuvifungua na kuvirekebisha, na hupokea pia maagizo ya lugha ya Lua, iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993, ambayo jina lake kwa Kireno ni mwezi.

Nilimpa mjukuu wangu vipimo vitatu. Kwanza, je, chombo hiki kinaniruhusu kuitaja sauti yangu kwa kipimo chake chenyewe, au kinanilazimisha niichague kutoka orodha ya mtu mwingine? Pili, naweza kusoma kinachofanyika ndani yake? Tatu, nikifa au kampuni ikifungwa, atakayekuja ataweza kuisoma kazi yangu na kuiendeleza? Chombo kinachopita katika vipimo hivyo kinafaa, hata kama sura yake haipendezi.

Najua nitapingwa. Mtu atasema: mwimbaji haijui anatomia ya koo lake, na dereva hajui kila kilichomo ndani ya injini, kwa nini mwanamuziki ajue mashine yake? Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Sisemi kwamba kila mwanakwaya awe mwandishi wa skripti. Nasema kwamba katika kila jamii lazima wawepo wawili watatu wanaoweza kufungua sanduku, kama vile si kila mwanakijiji ni mhunzi, lakini kijiji kisicho na mhunzi hulima kwa majembe ya kuazima. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha sauti ya Kigogo katika majukwaa ya Ulaya, na sauti ile haikuhitaji kunyooshwa ndipo ipendwe. Vijana waliobaki na kompyuta wanahitaji ujuzi wa kuilinda sauti hiyo ndani ya mashine, kama yeye alivyoilinda kwa mikono yake.

Wala methali yetu haijafa. Yuko kijana anayelinganisha plagini mwaka mzima, leo hii, kesho ile, na hajatunga hata beti moja. Huyo ndiye aliyesemwa na wahenga. Kuchagua kwa haki kuna mwisho wake: tazama shamba kwanza, ujue udongo na mbegu, chagua jembe linalolingana navyo, kisha uiname. Mvua haingoji.

Wahenga, nadhani, hawakutukataza kuchagua. Waliishi wakati ambapo jembe halikuwa na maoni yake juu ya mahindi na mtama. Jembe la leo lina maoni, na anayelishika bila kuuliza ni maoni gani atavuna asichopanda, huku akiamini kwamba ni chake.