Mpeni Chakula

Wapendwa wa Basotu, na ninyi wa Katesh, Haydom na Dongobesh, nabii Eliya alipochoka kabisa alijilaza chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Habari hiyo imo katika sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mungu hakumkemea kwa kukata tamaa, wala hakumwanzia na maono. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi akamwamsha mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilizidi nguvu zake. Kwa chakula kile alitembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu.

Leo nawasihi kwa ajili ya dada zetu wenye saratani ya matiti. Safari yao nayo imezidi nguvu zao. Hapa nchini ugonjwa huu ni wa pili kwa wanawake katika aina zote za saratani, ukitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi tu, na wengi hufika hospitali uvimbe umekwisha kusambaa. Mama wa Basotu huanzia zahanati, akapelekwa Haydom, hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, na kutoka huko huenda akaelekezwa KCMC Moshi, Bugando Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Dripu za kemo mara nyingi hupishana kwa wiki tatu, mzunguko baada ya mzunguko, kwa miezi. Kuna upasuaji. Kuna wiki za mionzi. Halafu kuna vidonge, na wengine hupewa tamoksifeni ya kumeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Mwendo wote huo mtu ataumaliza kwa nguvu gani, ikiwa nyumbani analishwa uji mweupe wa maji na chai ya rangi?

Sisi tunaompenda ndio tunaomnyima. Hilo ndilo linaloniuma, na sitalizungukia.

Yuko anayemwambia mgonjwa afunge siku tatu ili Mungu amsikie. Ndugu mhubiri, ndugu mwombaji, nakusihi mbele za Bwana: usimfungishe mtu aliye kwenye kemo. Kama kufunga kuna haja, funga wewe uliye mzima, na hicho chakula ulichokiacha umpelekee yeye. Wako wengine wanaosema sukari na wanga ndivyo vinavyolisha saratani, kwa hiyo mama aachishwe ugali, viazi na matunda, uvimbe ufe njaa. Uvimbe haufi kwa njaa. Kila chembe ya mwili hutumia sukari iliyomo katika damu, na mtu asipokula, mwili wenyewe huitengeneza kwa kubomoa misuli yake. Atakayekonda ni mama, na mikono na miguu itakayolegea ni yake. Akikonda sana dawa humwumiza zaidi, na daktari anaweza kulazimika kupunguza dozi au kusogeza mbele tarehe ya dripu. Soda na biskuti si chakula cha kumjenga mtu, hilo nakubali. Lakini kutoka hapo mpaka kumnyang'anya mgonjwa ugali wake ni mbali sana.

Basi alishwe nini? Tazameni mlipo. Tangu miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa katika mbuga za Basotu kwa msaada wa Kanada, nchi hii imekula mkate kutoka kwenu. Ziwa Basotu liko hapo na perege wake na kambare wake. Mbaazi, maharage, ngwara, karanga na alizeti vinaota katika udongo wenu. Mifugo mnayo, kuku mnao. Watu wa mahali kama hapa hatuna sababu ya kumwacha mgonjwa ashindie chai.

Mwili unaopigana na saratani, huku unaponya kidonda cha upasuaji, unahitaji protini nyingi kuliko zamani. Wataalamu wa lishe ya wagonjwa wa saratani huhesabu zaidi ya gramu 1 hadi gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mama wa kilo 60 atahitaji kama gramu 60 hadi 90. Yai moja lina kama 6. Kikombe kikubwa cha maziwa kina kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, na mnofu wa perege wa gramu 100 una 20 au zaidi kidogo. Mayai mawili, maziwa vikombe viwili, maharage kikombe na samaki mmoja wa kiasi, ukichanganya na kilichomo katika ugali wenyewe, amefika. Hivyo vyote vinapatikana mnadani, na vingine viko uani kwako vinaparura. Najua wapo kati yetu ambao samaki kwao si chakula tangu enzi za mababu. Simlazimishi mtu. Mama wa nyumba hiyo na apate mayai, maziwa na kunde.

Lakini kumwekea sahani mbele si kumlisha. Nimekaa na wagonjwa wetu, na nimeona chakula kizuri kinavyorudishwa jikoni hakijaguswa, kisha jamaa wakanung'unika kwamba anadeka. Hadeki. Kemo inaweza kubadilisha ladha ya ulimi mpaka nyama ikawa kama chuma. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa inatosha kumtapisha. Basi pikia mbali na anapolala, moshi na harufu visimfikie. Mpe kidogo kidogo, mara sita kwa siku, badala ya milima miwili ya ugali. Chakula kilichopoa hakinuki sana, naye atakimudu. Nyama ikimshinda, mpe maharage, mayai, mtindi. Ladha ya chuma ikimsumbua, achana na kijiko cha bati, mpe cha mbao au cha plastiki. Asubuhi kabla hajainuka kitandani, kipande cha mkate mkavu au kiazi. Chai ya tangawizi isiyo kali husaidia wengine. Na akiandikiwa dawa ya kuzuia kutapika, aimeze kwa saa aliyoambiwa, asingoje mpaka atapike.

Vidonda vya mdomoni vikimjia, hapo ndipo upendo wa mpishi unapopimwa. Acha limao, pilipili, nyanya chachu na kila kitu kigumu cha kukwaruza. Asukutue mara kwa mara kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi na magadi ya kuokea, kijiko kimoja cha chai cha kila kimoja katika lita moja, kisha ateme. Halafu mpikie uji wa ulezi. Koroga unga kwa maji baridi kwanza usifanye madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, uache utokote mpaka harufu ya unga mbichi iondoke. Tia karanga zilizosagwa laini kabisa, vijiko viwili vya chakula. Tia maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, na kijiko cha mafuta ya alizeti au samli. Ukimshinda kwa uzito, uongezee maziwa, usiongeze maji. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu, ujaribu mwenyewe mdomoni, ndipo umpelekee. Na tafadhali, ule unga wa lishe uliochanganywa nafaka nane, soya mbichi, karanga na dagaa kwa pamoja uuache. Vitu hivyo haviivi kwa wakati mmoja, na kilichoharibika kimoja kinaharibu vyote.

Sasa nasema neno gumu kwa boma la mfugaji, kwa heshima yote kwa bibi zetu wanaojua kutunza maziwa kuliko mimi. Dawa za kemo hushusha askari wa mwili. Kwa kawaida huwa wachache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika siku hizo kijidudu ambacho wewe hukihisi kinaweza kumwua yeye. Kwa hiyo asinywe maziwa mabichi, asinywe damu, asile nyama ya kuchoma yenye wekundu ndani. Maziwa yachemke kwanza, ndipo yagandishwe katika chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Maji ya ziwa na ya lambo yachemshwe. Matunda yaoshwe na kumenywa. Wali wa jana uliolala juu ya meza usimpe. Na homa ikifika nyuzi 38 msimpe panadol mkangoja asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe mvua.

Chagueni pia mahindi na karanga zake kwa mkono. Mkoa wetu haujasahau mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu Manyara na Dodoma kwa mahindi yaliyoota kuvu. Sumu hiyo hushambulia ini, na ini la mama huyu tayari linachakata dawa nzito. Punje yenye kuvu itupwe. Kuiosha hakuondoi sumu, wala kuipika.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ini naomba mtulie na mitishamba wakati wa matibabu. Majani ya mstafeli, mlonge wa unga, chupa zisizo na jina zinazouzwa stendi: baadhi yake hugombana na dawa za hospitali, na muuzaji hatakuwepo mama atakapozidiwa. Akiwa amekwisha kutumia, amwambie daktari bila kuona haya. Daktari asiyeambiwa hawezi kumkinga.

Baba wa nyumba, nisikilize wewe peke yako kidogo. Matibabu yanakula mifugo, najua. Lakini ukilazimika kuuza, uza dume, usiuze ng'ombe anayekamuliwa. Inakuwaje mbuzi anachinjwa kwa ajili ya nguvu za mgonjwa, halafu minofu inakwenda kwa wazee na wageni, mgonjwa anabakiziwa mchuzi? Mchuzi hauna nyama. Kata kipande chake kwanza, kabla ya chako, watoto wakiona. Na siku ya safari usimpandishe basi la Dar es Salaam kwa ahadi ya chipsi za njiani. Mfungashie viazi vitamu, ndizi, karanga safi, mayai ya kuchemsha ya kula asubuhi ile ile, na maji yaliyochemshwa. Ocean Road, taasisi iliyoundwa kisheria mwaka 1996 pale penye hospitali ya Wajerumani iliyoanza kujengwa 1895, iko mbele ya bahari, mbali na jiko la nyumbani. Aliyeandamana naye ajue kupika, au ajue pa kununua chakula cha moto na safi.

Siku inakuja ambapo upasuaji, kemo na mionzi vimekwisha. Nywele zinaota. Hapo tunafanya kosa la upande wa pili. Tunamletea kreti za soda, mandazi na chipsi, tunamsifu kwamba amenawiri. Wapendwa, saratani ya matiti ina tabia yake: wanawake wengi huongezeka uzito wakati wa matibabu, kwa sababu ya dawa zenyewe, kukoma kwa hedhi na kukaa bila kazi. Unene uliopita kiasi baada ya hedhi kukoma humwongezea mwanamke hatari ya ugonjwa huu. Basi sasa sahani ibadilike. Nusu yake iwe mboga: mnavu, mchicha, mlenda, majani ya maboga na ya kunde. Ugali uwe wa dona, mkate uwe wa ngano isiyokobolewa, ile ile ya mashamba yetu, isagwe hapa mashineni na pumba zake. Maharage kila siku. Soya iliyoiva vizuri haina neno kwake. Nyama kwa kiasi. Baadhi ya vidonge hupunguza nguvu ya mifupa, kwa hiyo maziwa na dagaa wa kuliwa na mifupa yao vina kazi. Atembee kila siku, na anyooshe mkono wa upande uliopasuliwa kama alivyofundishwa. Pombe aiache, ya kibuyu na ya chupa, ya asali na ya mahindi, kwa maana pombe yoyote huongeza hatari ya saratani ya matiti, na ninawaomba ninyi wazima msimkaribishe kikombe.

Binti Yairo alipofufuliwa, kila mtu chumbani alishikwa na butwaa. Bwana Yesu peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa, akaagiza apewe chakula. Marko ameiandika katika sura ya 5. Muujiza ulikuwa umekwisha kutendeka, na bado jiko lilikuwa na kazi.

Jikoni ni kwetu. Jumapili hii, ibada ikiisha, msitawanyike. Kila jumuiya na kila mtaa wa usharika utaje mama wa kwao aliye kwenye matibabu, kwa ruhusa yake, na mpange siku kwa siku nani anapeleka mayai, nani maziwa yaliyochemshwa, nani perege, nani anakwenda kuteka maji na kuosha vyombo ili yeye apumzike. Mnaokwenda kumwona mgonjwa, acheni soda dukani. Sala iwe fupi, uji usipoe. Msingoje aombe, maana wanawake wa Basotu hawajafundishwa kuomba chakula katika nyumba waliyoilisha wenyewe miaka yote. Anzeni Jumatatu.